SOMO: WALE WA OWINO UHURU



Sote tunalijua lile benchi la nje ya ofisi. Unakaa toka asubuhi, halafu unaambiwa mkubwa ametoka, njoo kesho. Ukifuata shamba au kitambulisho, unapoteza nauli. Lakini kuna mahali ambapo "njoo kesho" ilikuwa inakula watoto.

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato kidogo huko Mikindani, Mombasa, wenye wakazi kama 3,000. Kuanzia mwaka 2007 kilikuwepo kiwanda ukutani kwao kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi ulishukia nyumba na maji machafu yakapita pale watoto wanapocheza. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inataka mradi kama huo uchunguzwe kwanza. Sheria ilikuwepo, na maofisa wa kuisimamia walikuwepo, tena kwa mshahara.

Risasi ni sumu ya polepole. Ikiingia mwilini hukaa kwenye mifupa miaka mingi. Mtoto huumia kuliko mtu mzima: damu hupungua, ubongo haukui sawasawa, na shuleni anakuwa mzito wa kushika masomo hadi mwalimu adhani ni mvivu. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba. Bila kupima damu huwezi kujua, utasema ni malaria tu.

Phyllis Omido aliajiriwa pale mwaka 2009. Mtoto wake mchanga akaugua, na alipopimwa, damu ilikuwa na risasi. Mama huyu aliacha kazi akaanza kukusanya majirani. Walipoandamana mwaka 2012, aliyekamatwa na kushtakiwa ni yeye! Baadaye korti ilimwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Mwaka 2016 wakaenda kortini. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na fungu kubwa la lawama likawekewa NEMA, yaani walinzi wenyewe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni: mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa na miaka 17.

Sasa tuje kwetu. Malalamiko ya mdomo huishia mlangoni. Andikeni barua, nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mweka hazina aihifadhi. Kadi za kliniki na majibu ya maabara msitupe. Katiba ya 2010, Ibara ya 35, inakupa haki ya kudai habari zilizo mikononi mwa serikali. Na Ibara ya 70 inasema anayelalamika kuhusu mazingira si lazima aonyeshe kwamba kuna mtu ameshaumia. Hiyo mistari miwili naomba katibu aisome mara mbili, maana wengi wetu tumezoea kungoja maiti ndipo tuamini tuna kesi.

Mkikutana mjadili: katika lokesheni yetu ni kitu gani watu wamekilalamikia kwa chifu bila kuandika? Timbo lililoachwa wazi, maji yenye rangi, dawa za mashamba makubwa? Nani ataandika barua ya kwanza, na nauli ya kuipeleka itatoka wapi?