Namba ya Chesisi Isomwe Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Jorodom anayenunua gari lililotumika Japani alinganishe kwanza namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi na ile iliyo katika kadi ya usajili ya TRA. Zikitofautiana hata herufi moja, asilipe.

Namba hiyohiyo huonesha iwapo mtengenezaji aliagiza gari lirudishwe kurekebishwa bila malipo. Mfano ni mifuko ya hewa ya Takata: joto na unyevu wa miaka mingi huharibu kemikali ya kuijaza, hata gari likigonga, kifaa hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Tovuti za Marekani hudai herufi na tarakimu 17, ilhali magari ya soko la Japani yana namba fupi zaidi. Itafutwe katika tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji.

Muuzaji asiyetaka boneti ifunguliwe aachiwe gari lake.