SOMO LA AFYA: KIJIDUDU KIMYA KATIKA WIKI ZA MWISHO ZA UJAUZITO

Somo hili linatolewa kwa watumishi wa Serikali na wananchi wote, wa mjini na wa mashamba, na hasa kwa kina mama waja wazito, waume zao na wazee wanaowaangalia. Linahusu kijidudu ambacho mama anaweza kuwa nacho bila ya kuhisi maumivu wala kuona dalili yoyote, kisha kikamfikia mtoto wakati wa kuzaliwa na kumdhuru. Wahenga walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu.

1. Kijidudu chenyewe

Kijidudu hicho ni bakteria wanaoitwa streptokokasi wa kundi B. Herufi hiyo inatokana na kazi ya mtaalamu Rebecca Lancefield wa Marekani, ambaye katika mwaka 1933 aliwagawa bakteria wa jamii hiyo katika makundi na kuyapa majina ya herufi. Maskani yao ni matumbo na njia ya uzazi. Huja na kuondoka, hata mama akawa nao mwezi huu na asiwe nao baada ya miezi michache. Kuwa nao si ugonjwa, si uchafu, wala si dalili ya maradhi ya zinaa. Kwa hivyo hapana sababu ya mke kuona haya wala ya mume kutia shaka.

2. Ukubwa wa jambo

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Kilifi, katika mwambao wa Kenya, uliwapima karibu kina mama 8,000 waliofika kujifungua. Kiasi cha 12 katika kila 100 walikutwa na kijidudu hicho. Bila ya dawa, nusu ya watoto wa kina mama wa namna hiyo hukipata, na mtoto 1 au 2 katika kila 100 huugua.

Hesabu hiyo ifahamike vyema. Katika kina mama 1,000, wapatao 120 watakuwa nacho. Watoto kiasi cha 60 watakipokea. Na mmoja au wawili wataugua. Idadi yaonekana ndogo, lakini huyo mmoja hupatwa na maambukizi ya damu, homa ya mapafu au homa ya uti wa mgongo, mara nyingi katika saa 24 za mwanzo wa maisha yake. Anayenusurika huweza kubaki na uziwi, upofu au akili kudumaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watoto wanaofariki kwa sababu hii, pamoja na wanaozaliwa wafu, wanakaribia 150,000 kila mwaka.

3. Kipimo na wakati wake

Kipimo ni chepesi na hakina maumivu. Kijiti chenye pamba hupitishwa sehemu ya chini ya ukeni na katika njia ya haja kubwa, kisha hupelekwa maabara ambako vijidudu huoteshwa kwa siku mbili au tatu. Marekani ilianza mwaka 2002 kuwapima waja wazito wote kwa utaratibu huo, na hivi sasa hupimwa katika wiki ya 36 na ya 37. Wakati huo umechaguliwa kwa sababu majibu huaminika kwa muda wa wiki tano tu. Anayepimwa mapema mno huenda akajifungua katika hali nyingine.

Nchi zote hazikufuata njia hiyo. Uingereza haiwapimi kina mama wote, bali huangalia dalili za hatari. Njia hiyo ya pili ndiyo inayofaa zaidi pale ambapo maabara ya kuotesha vijidudu iko mbali. Dalili zenyewe ni hizi:

(a) Uchungu kuanza kabla ya kutimia wiki 37.
(b) Chupa kupasuka na kupita saa 18 bila ya mtoto kuzaliwa.
(c) Mama kupata homa ya digrii 38 au zaidi wakati wa uchungu.
(d) Kijidudu hicho kuonekana katika mkojo kwenye ujauzito huo.
(e) Mtoto aliyetangulia kuwahi kuugua kwa sababu hiyo.

4. Dawa na saa nne

Mama anayehitaji kinga hupewa penisilini kwa sindano ya mshipa wakati wa uchungu. Vidonge vinavyomezwa wiki kadhaa kabla havisaidii, maana vijidudu hurudi kutoka matumboni. Ili dawa imfikie mtoto kwa ukamilifu, inatakiwa itangulie kuzaliwa kwake kwa saa nne au zaidi.

Hapo ndipo penye uzito wa somo hili. Mama anayesubiri nyumbani mpaka uchungu ukazidi, au kwa kuwa chupa imepasuka lakini uchungu haujaja, hufika hospitali saa hizo nne zikiwa zimeshapotea. Kwa hivyo chupa ikipasuka, iwe usiku au mchana, safari ianze wakati huo huo, na nauli iwe imewekwa akiba tangu mwezi wa nane. Mama anayedhuriwa na penisilini amweleze mkunga mapema ili apewe dawa nyingine.

5. Baada ya kujifungua

Dawa ya wakati wa uchungu haizuii ugonjwa unaoweza kumpata mtoto baada ya wiki ya kwanza hadi karibu miezi mitatu. Mtoto anayekataa kunyonya, anayepumua kwa haraka au kwa kuguna, aliyelegea, mwenye joto kali au mwili wa baridi, apelekwe hospitali papo hapo. Asingojewe kupambazuke, wala asishughulikiwe kwanza kwa dawa za nyumbani. Mama aendelee kumnyonyesha.

6. Wajibu wa kila mmoja

Waja wazito wanahimizwa wasiache kwenda kliniki katika wiki za mwisho kwa kudhani kwamba mambo yote yamekwisha kupimwa. Wamuulize mkunga kuhusu mkojo na dalili zilizotajwa. Waume, wakiwemo watumishi wa Serikali, wasisubiriwe warudi kazini ndipo ruhusa ya kwenda hospitali itoke. Ruhusa hiyo itolewe mapema, mbele ya wote wa nyumbani. Wakunga wa jadi nao wanaombwa kumpeleka mama hospitali mara tu waonapo moja ya dalili hizo. Kijidudu hiki hakipigi hodi, na saa nne zikishapita hazirudi.