Podikasti ya dukani: piga hesabu kabla ya kupiga soga

Wafanyabiashara wetu wanaishi na misemo miwili inayogombana. Wa kwanza unasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa pili unasema biashara ni matangazo. Mwenye duka akiwa na fedha hufuata wa pili. Zikimwishia, hujifariji kwa wa kwanza. Somo letu la wiki hii linahusu tangazo ambalo wengi wanalisifu kuwa ni la bure, yaani podikasti.

Hoja yetu ni moja. Podikasti si ya bure. Inalipiwa kwa saa za mwenye duka, na saa hizo ni mtaji sawasawa na mzigo ulioko rafuni. Kwa hiyo ipigiwe hesabu kama mzigo.

PODIKASTI NI NINI

Podikasti ni kipindi cha sauti ambacho msikilizaji hukipata kwa simu au kompyuta na kukisikiliza kwa wakati anaoutaka yeye. Jina hilo lilitumiwa na mwandishi Ben Hammersley katika gazeti la The Guardian la Uingereza Februari 2004. Juni 2005 kampuni ya Apple iliziingiza podikasti katika programu yake ya iTunes, na tangu hapo zikasambaa.

Utaratibu wake ni mwepesi. Unarekodi sauti na kuihifadhi kwenye mtandao kwa kampuni inayotunza vipindi. Kampuni hiyo inakutengenezea orodha inayoitwa mlisho wa RSS. Programu iliyo katika simu ya msikilizaji inaipitia orodha hiyo mara kwa mara, na ikikuta kipindi kipya inamjulisha.

Tofauti na tangazo la redio iko hapa. Tangazo la redio likishasomwa limepita, na ukitaka lisikike tena unalipa tena. Kipindi cha podikasti kinabaki. Mteja wa mwakani anaweza kukisikia kile ulichorekodi leo. Kwa lugha ya uhasibu, tangazo la redio ni gharama ya uendeshaji; kipindi kizuri cha podikasti kinakaribia kuwa rasilimali.

DUKA KUWA NA REDIO SI JAMBO GENI

Mwaka 1924 kampuni ya Sears, Roebuck ya Marekani, iliyokuwa ikiuza bidhaa kwa posta kupitia katalogi, ilifungua kituo cha redio mjini Chicago. Kiliitwa WLS, herufi zinazosimama badala ya maneno yenye maana ya Duka Kubwa Kuliko Yote Duniani. Wateja wake wengi walikuwa wakulima. Je, kituo kiliwasomea katalogi kutwa? Hapana. Kiliwapa habari za kilimo na muziki waliouzoea. Mwaka 1928 Sears ilikiuza kwa wenye gazeti la wakulima la Prairie Farmer, ikaendelea na kazi yake ya kuuza bidhaa.

Hapo pana mafunzo mawili. Kwanza, msikilizaji hufuata kinachomfaa yeye, wala si kinachomfaa muuzaji. Pili, hata kampuni tajiri iliona kwamba kutangaza ni kazi kamili, nayo inaweza kuachwa.

Mfano wa karibu zaidi ni wa duka la familia la mvinyo, Wine Library, lililoko Springfield, New Jersey. Februari 2006 Gary Vaynerchuk, mtoto wa mwenye duka, alianza kipindi cha picha kwenye intaneti. Alikaa mezani, akaonja mvinyo na kusema alivyouona. Ukiwa mbaya alisema ni mbaya, hata kama chupa hiyo ilikuwa inauzwa dukani kwao. Aliendelea hivyo hadi Machi 2011, vipindi vikiwa vimefika 1,000.

Wengi wanaosimulia habari hiyo wanasahau jambo moja. Duka lile lilikuwa limeshasimama, na lilikuwa likiuza kwa mtandao kabla kipindi hakijaanza. Kipindi kiliongeza nguvu katika biashara nzima. Hakikuokoa biashara inayokufa. Mwenye duka ambaye rafu ziko tupu au bei zake haziuziki asitafute dawa kwenye kipaza sauti.

HESABU YA DUKA MOJA

Tuchukue mfano wa kubuni wa duka la vipuri vya pikipiki. Mwenye duka anataka kuwafikia madereva wa bodaboda, ambao hukaa kijiweni kwa muda mrefu wakisubiri abiria huku simu zikiwa mikononi. Anaamua kutoa kipindi kimoja cha dakika 20 kila wiki kwa wiki 12.

Tuseme kila kipindi kinamchukua saa 6: mbili za kuandaa, moja ya kurekodi, tatu za kuhariri na kusambaza. Kwa vipindi 12 ni saa 72. Tuseme pia kwamba saa moja akiwa kaunta humwingizia faida ghafi ya Sh 5,000. Hesabu yake itakuwa hivi:

Saa 72 kwa Sh 5,000: Sh 360,000
Kipaza sauti kidogo cha kubana shatini: Sh 60,000
Mchoro na jina la kipindi: Sh 50,000
Bando la miezi mitatu: Sh 30,000
Jumla: Sh 500,000

Angalia vizuri jumla hiyo. Fedha taslimu zilizotoka ni Sh 140,000 tu, na hizo ndizo mwenye duka atakazoziona. Zile Sh 360,000 hazina risiti, ndiyo maana watu husema podikasti ni bure.

Sasa tugeukie mapato. Kama mteja wa kawaida hununua vipuri vya Sh 40,000 na faida ghafi ni asilimia 25, kila mauzo yanaleta Sh 10,000. Ili Sh 500,000 zirudi, podikasti lazima ilete mauzo mapya 50. Kama dereva mmoja akishakuamini hurudi mara nne kwa mwaka, unahitaji wateja wapya 13 tu. Tazama tofauti hiyo. Ukitafuta wanunuzi wa mara moja, hesabu ni nzito. Ukitafuta wateja wa kudumu, inabebeka.

Tahadhari: mteja ambaye angekuja hata bila podikasti asihesabiwe. Njia ya kujua ni daftari. Kila mgeni akiingia, muulize, "Kaka, umetusikia wapi?" Andika jibu, tarehe na kiasi alichonunua. Idadi ya waliosikiliza inapendeza machoni, lakini haijazi droo.

Weka pia kikomo kabla ya kuanza. Kwa mfano wetu, baada ya kipindi cha 12 fungua daftari. Kama mauzo yaliyotokana na podikasti hayajafika hata 25, badilisha mada au simamisha. Kusimamisha kwa hesabu si aibu. Aibu ni kuendelea kwa sababu umeshawaambia watu kwamba una podikasti.

NYANYA NA MAHARAGE MAKAVU

Makosa mengi yako katika mada. Mada nyingine ni nyanya: leo mbivu, wiki ijayo zimeoza. Kipindi cha bei za wiki hii au ofa ya sikukuu ni nyanya. Mada nyingine ni maharage makavu, yanakaa ghalani. Kwa duka letu la vipuri, maharage ni vipindi kama namna ya kutambua cheni bandia, dalili za breki zilizokwisha, na jinsi dereva anavyoweza kuweka akiba ya matengenezo kila siku. Kwa kuwa faida ya podikasti ni kudumu kwake, panda maharage zaidi. Bei za wiki ziache kwenye ubao wa dukani au kwenye kundi la WhatsApp.

Zaidi ya hapo, thubutu kumwambia msikilizaji asinunue. Dereva akisikia muuzaji anasema kipuri fulani bado kinafaa, kisibadilishwe, siku kitakapokwisha kweli anajua aende kwa nani. Hiyo ndiyo siri ya yule muuza mvinyo.

Mwishoni mwa kipindi taja jina la duka, mtaa na namba ya simu mara moja, kwa utulivu. Tangazo la kurudiwa kila dakika tano humfanya mtu azime.

UZITO WA KIPINDI

Bando analinunua msikilizaji, kwa hiyo usimtwishe mzigo. Sauti ya mazungumzo iliyohifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 9.6 kwa dakika 20. Ukipanda hadi kilobiti 128, inakuwa megabaiti 19.2, na dereva aliye kijiweni hataona tofauti kubwa katika mazungumzo. Rekodi katika chumba chenye mapazia, nguo au magodoro, kwa sababu vitu hivyo hunyonya mwangwi. Kipaza sauti kikae karibu na mdomo. Kelele za barabarani zimeua vipindi vingi kuliko uhaba wa vifaa.

Mlisho wako wa RSS uwe chini ya jina na barua pepe yako, usiwe wa kijana aliyekusaidia kuufungua. Mwaka 2024 Google iliifunga programu yake ya Google Podcasts. Wenye milisho yao waliendelea kusikika kwenye programu nyingine. Aliyejenga kwenye kiwanja cha mtu ahakikishe anaweza kuhama na bati zake.

SHERIA NAZO

Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotungwa mwaka 2018 na kuandikwa upya mwaka 2020, kisha zikafanyiwa marekebisho. Kabla ya kuanza, uliza Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kama aina ya kipindi chako inahitaji leseni. Muziki wa msanii usiutie bila kibali. Na ukirekodi mteja, mwombe ridhaa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia daftari lako la majina na namba za simu.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Huenda wewe huna duka, ila umeombwa uweke fedha katika kampuni ya vijana wanaotengeneza podikasti. Kanuni ni ile ile. Spotify ya Sweden ilinunua kampuni za Gimlet, Anchor na Parcast mwaka 2019. Juni 2023 ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 200 wa kitengo cha podikasti na kuziunganisha Gimlet na Parcast. Kama mkubwa huyo alilazimika kurudi kwenye hesabu, wewe usitoe fedha kwa kuonyeshwa idadi ya wasikilizaji. Uliza nani analipa, analipa kiasi gani, na atalipa tena lini.

ZOEZI LA WIKI

Chukua karatasi. Andika thamani ya saa yako moja dukani, faida ghafi ya mauzo ya kawaida, na mada 12 za maharage makavu zinazohusu biashara yako. Ukishindwa kufikisha mada 12, podikasti yako ingekufa kabla ya mwezi wa tatu, na umeokoa fedha. Ukizipata, na hesabu ikakubali, washa simu uanze na ile ya kwanza.