Kipanya kikigoma kwenye DOS, usikimbilie kununua kompyuta mpya

WAFANYABIASHARA wenye maduka, maghala na karakana ambao bado wanatunza hesabu zao kwa programu za zamani za DOS wanaweza kukutana na tatizo hili: kompyuta inawaka, programu inafunguka, lakini kipanya hakisogei. Ushauri wa haraka huwa ni kwamba mashine imezeeka, inunuliwe nyingine pamoja na programu mpya. Somo la wiki hii linaeleza kwa nini ushauri huo unaweza kukutia hasara bure, na jinsi ya kuweka kiendeshi cha kipanya kwenye FreeDOS, mfumo wa uendeshaji usiolipiwa unaoweza kushika nafasi ya MS-DOS.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo lugha ya ukurasa huu. Tuchukulie duka la vipuri lenye aina 6,000 za bidhaa kwenye programu yake. Ukihamia programu mpya isiyoweza kusoma mafaili ya zamani, karani atalazimika kuingiza bidhaa zote upya. Akiingiza 40 kwa saa atahitaji saa 150, yaani karibu siku 19 za kazi za saa nane. Hiyo ni mishahara, ni makosa ya bei, na ni wiki kadhaa za kuuza bila kujua kilichobaki stoo. Hapo bado hujalipia mashine wala programu yenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kutoa mtaji, mfanyabiashara anapaswa kujua ni kitu gani hasa kimeharibika.

KIENDESHI NI NINI?

Kiendeshi ni programu ndogo inayosimama kati ya kifaa na programu nyingine. DOS yenyewe haijui kipanya ni kitu gani. Programu ya duka inapotaka kujua mshale uko wapi au kitufe kipi kimebonyezwa, hupeleka wito kwa namba maalumu, INT 33h. Kiendeshi kikiwapo hujibu wito huo. Kisipokuwapo, programu huona kwamba kompyuta haina kipanya, hata kama kipya kabisa kimechomekwa nyuma ya mashine.

Ndiyo maana kubadilisha kipanya mara tatu hakusaidii lolote iwapo kinachokosekana ni kiendeshi. Mnyororo una pete nne: kipanya, tundu kilipochomekwa, kiendeshi na programu. Kagua pete moja baada ya nyingine, kwa utaratibu huo.

FREEDOS NA CUTEMOUSE

Mwaka 1994, ilipobainika kwamba Microsoft inaelekea kuachana na MS-DOS, Jim Hall, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, alitangaza mradi wa kutengeneza DOS ya bure. Tangazo hilo lilitolewa Juni 29. Toleo la 1.0 la FreeDOS lilitoka Septemba 2006, na toleo la 1.4 likatoka Aprili 2025. Programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya MS-DOS hufanya kazi humo bila kubadilishwa.

Kiendeshi cha kipanya kinachokuja na FreeDOS kinaitwa CuteMouse, na faili lake ni CTMOUSE.EXE. Nacho hakilipiwi. Sifa yake kubwa ni kutumia kumbukumbu kidogo, chini ya kilobaiti 4, wakati baadhi ya viendeshi vya zamani vilitumia zaidi ya 10. Tofauti hiyo si ya kudharauliwa. Programu za kawaida za DOS hugombania eneo la kilobaiti 640 tu, na programu ya hesabu inaweza kukataa kufunguka kwa kukosa kilobaiti chache.

HATUA YA KWANZA: LINDA DATA

Kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili yote ya biashara kwenye diski nyingine, kisha hakikisha nakala hiyo inafunguka. Zoezi la kuweka FreeDOS linaweza kufuta diski nzima endapo utajibu maswali yake kwa haraka. Njia salama zaidi ni kuchomoa diski ya zamani, kuiweka pembeni, na kuweka FreeDOS kwenye diski tofauti.

HATUA YA PILI: TAZAMA TUNDU

Zima mashine na utazame nyuma yake. Tundu la duara lenye matundu madogo sita ni la PS/2. Tundu lenye pini tisa ni la mfululizo, ambalo DOS hulitambua kama COM1 au COM2. Kipanya cha PS/2 kichomekwe mashine ikiwa imezimwa, kwani tundu hilo halikutengenezwa kwa ajili ya kuchomeka na kuchomoa umeme ukiwa unapita.

Wengi hukwama kwenye vipanya vya USB. CuteMouse haijui USB. Kipanya cha namna hiyo kitafanya kazi tu ikiwa BIOS ya kompyuta inakionyesha kwa DOS kana kwamba ni cha PS/2, na kwenye mashine nyingi kuna kipengele cha kuwasha uwezo huo katika mipangilio ya BIOS. Vile vichomeo vidogo vya kugeuza USB kuwa PS/2 haviwezi kukisaidia kila kipanya. Husaidia vile tu vilivyotengenezwa kuelewa lugha zote mbili, hivyo uliza na ujaribu dukani kabla ya kulipa.

HATUA YA TATU: JARIBU KWA MKONO

Washa FreeDOS, usifungue programu ya duka. Andika:

CTMOUSE

Kiendeshi kitatafuta kipanya chenyewe na kuandika kwenye skrini kimekiona kwenye tundu lipi. Kikisema hakijaona kifaa, kielekeze:

CTMOUSE /P hutafuta kwenye PS/2.
CTMOUSE /S1 hutafuta kwenye COM1.
CTMOUSE /S2 hutafuta kwenye COM2.

Ikiwa duka lako lina kisoma bakodi au printa ya risiti kwenye COM1, usikiache kiendeshi kipekue matundu yote kila asubuhi. Mwenye kipanya cha PS/2 aandike /P ili vifaa vingine visiguswe. Ikumbukwe pia kwamba kwa kawaida COM1 na COM3 hutumia mkondo mmoja wa kumwita kichakataji. Modemu iliyopo COM3 inaweza kugombana na kipanya cha COM1 hadi vyote viwili visifanye kazi.

Sasa fungua programu ya duka. Mshale ukisogea, kazi imekwisha kwa sehemu kubwa. Usiposogea wakati kiendeshi kimesema kimekiona kipanya, basi pete inayobaki ni programu. Tazama ukurasa wake wa mipangilio, kwani baadhi ya programu za DOS hazitumii kipanya mpaka uziambie.

HATUA YA NNE: REKEBISHA

Mhasibu anayetumia mkono wa kushoto atumie CTMOUSE /L, na vitufe vitabadilishana kazi. Mshale ukikimbia au ukiburuta miguu, tumia /R ikifuatiwa na namba kati ya 1 na 9, kwa mfano CTMOUSE /P /R3, ujaribu hadi utii mkono. Kabla ya kujaribu mpangilio mwingine, toa kiendeshi kwenye kumbukumbu kwa CTMOUSE /U. Orodha kamili ya chaguo utaipata kwa CTMOUSE /?.

HATUA YA TANO: IWE YA KUDUMU

Ukishapata mstari unaofanya kazi, uweke kwenye faili la kuanzia. Katika FreeDOS faili hilo huitwa FDAUTO.BAT au AUTOEXEC.BAT, kutegemea toleo na namna lilivyowekwa. Fanya nakala kwanza:

COPY C:\FDAUTO.BAT C:\FDAUTO.OLD

Kisha lifungue kwa EDIT. Kama mstari wa CTMOUSE tayari upo, rekebisha huo huo, usiongeze wa pili. Kama haupo, uandike juu ya mstari unaofungua programu ya duka. Ukiuweka chini yake, programu itatangulia na kiendeshi hakitapata zamu. Hifadhi, zima na uwashe upya. Amri ya MEM /C itakuonyesha kila programu iliyomo kwenye kumbukumbu na kiasi inachotumia. Mashine ikikwama wakati wa kuwaka, bonyeza F8 mapema inapoanza, nayo itakuuliza mstari mmoja mmoja, upate kujua uliokwamisha.

KAMA MASHINE YENYEWE IMEKUFA

Kompyuta nyingi za siku hizi hazina BIOS ya zamani, hivyo FreeDOS haiwezi kuwaka moja kwa moja juu yake. Hata hapo programu yako haijafa. Unaweza kuiendesha ndani ya VirtualBox, programu inayoiga kompyuta nzima, ukihakikisha kipanya kimechaguliwa kuwa cha PS/2. Ndani yake CTMOUSE itafanya kazi kama kawaida. Kwa upande wa DOSBox, huhitaji kiendeshi kabisa, kwani inajibu wito wa kipanya yenyewe.

UAMUZI NI WAKO

Hatusemi kwamba kila programu ya zamani ibaki milele. Iwapo haitoi taarifa zinazotakiwa kisheria, iwapo mtu mmoja tu ndiye anayeielewa, au iwapo data zote ziko kwenye diski moja iliyochoka, kuhama ni jambo la busara hata kipanya kikiwa kizima. Lakini hama kwa sababu hizo, kwa ratiba na bei uliyoilinganisha kwa wauzaji wasiopungua watatu. Anayenunua siku ambayo mauzo yamesimama hununua kwa bei ya muuzaji.

Kwa hiyo, fundi atakapokuambia mashine imekwisha, muulize swali moja: kati ya kipanya, tundu, kiendeshi na programu, ni kipi alichokipima na kukiona kibovu? Asipoweza kujibu, usimpe malipo ya awali. Mpe robo saa na ukurasa huu, na mstari utakaofanya kazi uandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ubavuni mwa mashine, ili karani wa zamu ijayo asilazimike kumwita tena.