Mbwa Anapolazwa Ugenini kwa Mara ya Kwanza

Mwalimu anayekwenda likizo huacha nyuma mambo mengi: shamba, kuku, ufunguo kwa jirani. Mwenye mbwa ana neno moja zaidi la kushughulikia. Katika miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi zipo nyumba zinazopokea mbwa kwa malipo na kuwalaza mpaka wenyewe warudi. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kazi hiyo hufanywa zaidi kwa ujirani na udugu: mbwa hupelekwa kwa shemeji, kwa mwalimu mwenzako, au kwa mlinzi mwenye mbwa wake wawili watatu. Jina ni tofauti, lakini kwa mwili wa mbwa ni jambo lile lile. Ametolewa katika mazingira aliyoyazoea na kuwekwa mahali penye harufu, chakula na vijidudu asivyovijua. Katika somo hili tutaeleza ni mambo gani hutokea mwilini mwake, na kwa nini maandalizi hayana budi kuanza majuma mengi kabla ya safari.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha biolojia katika shule moja ya vilima vya Ngara, nilitakiwa kwenda masomoni Morogoro kwa miezi mitatu. Mbwa wangu, dume la kienyeji la rangi ya udongo ambalo halikuwa limefungwa kamba tangu kuzaliwa, nilimpeleka kwa ndugu mmoja aliyekuwa akiishi kando ya pori upande wa Biharamulo, si mbali na njia panda ya Nyakanazi. Nilimfikisha jioni, na kesho yake alfajiri nikapanda basi. Niliporudi nilimkuta amekonda, ufizi wake umekuwa mweupe, na jicho la kushoto limefunikwa na utando wa rangi ya maziwa yenye kielekeo cha samawati. Mzee mmoja jirani, mfugaji, alimtazama mara moja tu akasema, "Mwalimu, huyu ameumwa na mbung'o." Mimi mwenye cheti cha sayansi ukutani ndiye niliyebisha. Bwana mifugo alipochukua tone la damu na kulitazama kwa hadubini, mzee alikuwa amesema kweli. Dawa ilikuwa imechelewa, na mbwa alikufa kabla ya juma kwisha.

Mbung'o na mgeni

Ugonjwa uliomwua mbwa yule ni nagana. Husababishwa na kiumbe cha chembe moja kiitwacho tripanosoma, kinachoogelea ndani ya damu kwa kupunga utando wake, na kupelekwa kutoka mnyama hadi mnyama na mbung'o. Mapori ya miombo ya Biharamulo na Burigi, ambayo pamoja na Kimisi yalifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, ni makao ya mbung'o tangu zamani. Nyati na pofu wa mapori hayo wanaweza kuwa na tripanosoma damuni bila kuonekana wagonjwa, kwa maana vizazi vyao vimeishi pamoja na vimelea hivyo kwa muda mrefu. Mbwa hana bahati hiyo. Yeye ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi.

Jambo hili lina historia ya kuvutia. Mwaka 1894 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alifika Ubombo katika nchi ya Wazulu, Afrika Kusini, kuchunguza maradhi ya ng'ombe. Alikaa mlimani ambako hapakuwa na mbung'o, akapeleka ng'ombe na mbwa wakakae kwa muda katika uwanda wa chini wenye nzi hao. Waliporudishwa mlimani, aliona tripanosoma katika damu yao. Kwa maneno mengine, mbwa aliyelazwa ugenini kwa majuma machache ndiye aliyesaidia kuonyesha njia ya ugonjwa. Nami, karne moja na zaidi baadaye, nilirudia jaribio lile lile bila kukusudia, kwa kumtoa mbwa juu vilimani na kumteremsha porini.

Msomaji atauliza: kwa nini asichanjwe? Hakuna chanjo ya nagana, na sababu yake yafaa kufundishwa darasani. Tripanosoma amevikwa ganda la protini. Mwili wa mbwa hutengeneza kingamwili za kulishambulia ganda hilo, na vimelea wengi hufa. Lakini wachache miongoni mwao huwa wamekwisha badili ganda, na hao huzaana mpaka mwili utengeneze kingamwili nyingine, nao hubadili tena. Ndiyo sababu homa ya nagana hupanda na kushuka kama mawimbi. Dalili nyingine ni upungufu wa damu, kukonda, kuvimba tezi, na utando jichoni kama ule niliouona. Dawa zipo, lakini kipimo kinachozidi kidogo tu chaweza kumwua mbwa. Kwa hiyo haifai mtu kununua dawa ya ng'ombe dukani na kukisia. Na kwa kuwa jamii moja ya tripanosoma huwapa watu ugonjwa wa malale, mbwa mwenye nagana kijijini ni habari ambayo mganga wa zahanati pia apaswa kuisikia.

Mbung'o huuma mchana, na huvutwa na vitu vinavyotembea na rangi za giza. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye mbwa liwe juu ya mahali penyewe. Nyumba iliyo katikati ya mji wa Biharamulo, au kijiji kilicholimwa pande zote, si sawa na nyumba iliyo ukingoni mwa pori, hata kama mwenyeji wa pale ni mkarimu mara kumi.

Kinga haitengenezwi siku moja

Wako watu wanaompeleka mbwa kuchanjwa asubuhi ile ile ya safari, wakidhani kazi imekwisha. Chanjo si ngao ya kuvaliwa. Ni somo linalofundishwa kwa chembe nyeupe za damu, na chembe hizo huhitaji muda wa kulitambua umbo la kijidudu, kuzaana, na kutoa kingamwili za kutosha. Nchi za Umoja wa Ulaya, mathalan, hazimhesabu kuwa na kinga mbwa aliyechanjwa kichaa cha mbwa kwa mara ya kwanza mpaka siku 21 zipite. Tukitumia kipimo hicho, mwenye kusafiri tarehe 5 Desemba hana budi kumchanja mbwa wake kabla ya kupita tarehe 14 Novemba.

Kichaa cha mbwa ndicho kikuu kwa kuwa kinaua watu. Dalili zikishatokea, mgonjwa hufa, isipokuwa wachache mno katika historia yote ya tiba. Mbwa wengi wa vijijini kwetu wana wenyewe, lakini huzurura. Kwa hiyo mbwa mgeni huingia moja kwa moja katika ugomvi wa mbwa wa kijiji kizima, na jeraha la jino ndilo mlango wa kirusi. Wataalamu wamepata kwamba mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Yapo maradhi mengine mawili ambayo huvizia penye mkusanyiko wa mbwa. Distempa huenea kwa hewa na makamasi. Mwaka 1994 kirusi chake kiliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja yao, yapata simba 1,000, na mbwa wa vijiji vya jirani walishukiwa kuwa ndio chimbuko. Pavo ilijulikana duniani mwaka 1978. Hushambulia utumbo, huharisha damu, na kirusi chake huweza kukaa ardhini kwa miezi mingi kikimngoja mbwa mwingine. Chanjo za maradhi haya si rahisi kupatikana kama ile ya kichaa cha mbwa. Asiyezipata amwulize mwenyeji swali moja la wazi: je, katika mwaka huu amekufa mbwa hapa kwa kuharisha? Likijibiwa ndiyo, tafuta nyumba nyingine.

Siku tatu za mwanzo

Sasa tutazame fadhaa yenyewe. Mnyama anapoingia katika hali ya hofu, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni, mojawapo ikiwa kotiso. Sukari huongezeka damuni, moyo hukimbia, na kazi ya kusaga chakula hupunguzwa. Kwa saa moja, hali hiyo ni msaada. Ikiendelea kwa siku nyingi, kinga ya mwili hudhoofika, na hapo ndipo fadhaa inapogeuka kuwa ugonjwa. Watafiti wa Marekani, katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1997, walipima damu ya mbwa waliopokewa katika kituo kimoja cha wanyama wasio na makao, wakakuta kotiso imepanda zaidi katika siku tatu za mwanzo, kisha hushuka taratibu kadiri mbwa anavyozoea.

Matokeo hayo yana maana ya kivitendo. Mtu asiyekwisha kumlaza mbwa wake nje hata usiku mmoja asianze kwa miezi mitatu. Mpeleke kwanza mchana mmoja umrudishe jioni. Juma la pili alale usiku mmoja. Kisha usiku mbili. Kila mara akirudi nyumbani hujifunza kwamba kuachwa kuna mwisho. Kadhalika kamba: mbwa aliyezurura maisha yake yote hapana budi azoeshwe kufungwa nyumbani kwake, dakika chache kila siku, kabla ya kufungwa mbele ya wageni. Mpe gunia lake la kulalia bila kulifua. Kwa mbwa, ambaye huijua dunia kwa pua kabla ya macho, gunia hilo ni kipande cha nyumba. Mwalimu mmoja mwenzangu alilifua kwa sabuni ya manukato ili asiaibike mbele ya wenyeji.

Chakula nacho kina siri yake. Mbwa aliyekulia kwa masazo ya ndizi na maharage, akipewa ghafla ugali wa mhogo na vichwa vya samaki, huharisha. Si lazima awe amelishwa sumu. Bakteria wa utumbo wake, ambao humsaidia kusaga, hawajapata muda wa kubadilika. Chukua chakula cha siku nne tano, mwenyeji akichanganye na cha kwake, sehemu ya kigeni ikiongezwa kila siku.

Ikiwa mbwa amemuuma mtu

Lipo lazo jingine ambalo kwa mbwa wengi wa wilaya hizi ndilo la kwanza na la pekee. Mbwa amemuuma mtoto njiani. Wanakijiji wanachukua marungu. Sayansi inasema vingine. Mbwa mwenye kichaa huanza kutoa kirusi katika mate siku chache tu kabla ya kuonyesha dalili, na akishaonyesha hufa upesi. Kwa hiyo mbwa aliyeuma, akifungiwa salama na kutazamwa kwa siku 10, akabaki mzima, hakuwa na kirusi mateni siku ile aliyouma. Ukimwua na kumtupa bila kichwa chake kupimwa, umeitupa habari ambayo daktari angeihitaji.

Lakini ieleweke vizuri: mtoto hangoji siku hizo 10. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akaanze chanjo. Mbwa akionekana mzima baada ya siku 10, daktari aweza kuamua kuisimamisha. Njia hii ya kumchanja mtu baada ya kuumwa yatokana na kazi ya Louis Pasteur, aliyemtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa, Julai 1885. Inafanikiwa kwa sababu kirusi husafiri polepole kufuata neva hadi ubongoni, na chanjo hukitangulia. Ikichelewa, haikitangulii tena.

Mbwa anayetazamwa afungwe kwa mnyororo au ndani ya banda imara, apewe maji kwa chombo kinachosukumwa kwa fimbo, na watoto wasimkaribie. Bwana mifugo aarifiwe siku ya kwanza, si ya kumi.

Baada ya kurudi

Kwa kuwa maradhi mengi huanza kimya, siku ya kurudi nyumbani si mwisho wa uangalizi. Kwa majuma mawili asichanganywe na mbwa wengine wa mtaa. Mtazame ufizi: uwe wa waridi. Mwangalie macho penye mwanga wa jua. Mpekue kupe masikioni na kati ya vidole, kwa maana kupe huleta babesia, ugonjwa mwingine wa damu unaofanana na nagana kwa homa na weupe wa ufizi. Tofauti yao huonekana kwa hadubini: babesia hukaa ndani ya chembe nyekundu, tripanosoma huogelea nje yake. Mbwa wangu angeonwa na mtu mwenye hadubini majuma mawili mapema, pengine angalipona.

Kazi ya darasani

1. Hesabu pumzi za mbwa aliyelala kivulini kwa dakika moja, kisha umhesabu tena baada ya mgeni kuingia uani. Rudia kwa siku tano, uchore grafu. Usimguse mbwa usiyemjua.

2. Banda alimokufa mbwa wa pavo lataka kusafishwa kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji. Kwa lita 15 za maji utahitaji dawa kiasi gani? Eleza kwa nini kinyesi hakina budi kuondolewa na sakafu kuoshwa kabla ya dawa kumwagwa.

3. Mbwa mkubwa huchanjwa distempa na pavo mara mbili, majuma matatu yakipita katikati, na sindano ya pili yataka kumalizika majuma mawili kabla ya safari. Ikiwa safari ni tarehe 5 Desemba, sindano ya kwanza ichomwe tarehe ngapi?

4. Mwulize mfugaji mzee wa kijijini kwenu ni wapi mbung'o walipokuwa zamani na ni wapi walipo leo. Chora ramani, uionyeshe kwa bwana mifugo.