Je, Chombo Laini Ndicho Bora Siku Zote?



Kila mwanafunzi aliyepata kuingia karakanani amefundishwa kupiga msasa chombo chake mpaka king'ae. Mafunzo hayo ni mema, wala sikusudii kuyapinga. Lakini wengi wetu twatoka humo na wazo kwamba kadiri uso wa chombo ulivyo laini, ndivyo kazi inavyokuwa nzuri. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba wazo hilo lina mpaka wake, na kwamba mpaka huo huonekana zaidi tunapounda vitu vidogo sana vya madini, kama pini za ndani ya simu, sehemu za saa, au vikombe visivyozidi ukubwa wa punje ya mtama.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Ili kupata kikombe kisicho na mshono, fundi huchukua kisahani cha bati, akakiweka juu ya kalibu yenye tundu, akakibana pembeni kwa bamba, kisha akakisukuma katikati kwa kipande cha chuma mfano wa mchi. Bati huteleza kutoka pembeni, likaingia tunduni na kupata umbo la kikombe. Ikiwa pembeni limekwama na mchi bado unasukuma, bati hupasuka karibu na kitako. Basi msuguano ndio unaoamua kama tutapata kikombe au taka.

Sasa, uso wa chuma hata ukiwa unang'aa si tambarare. Ukitazamwa kwa hadubini huonekana una vilima na mabonde. Mafuta tunayopaka hukaa mabondeni. Bonde lililozungukwa na vilima pande zote likibanwa, mafuta yake hayana njia ya kutokea; na kwa kuwa mafuta hayakubali kushindiliwa, huchukua sehemu ya mzigo na kuacha nyuso ziteleze. Lakini bonde lililo karibu na ukingo lina mlango. Likibanwa, mafuta hutoka nje, na chuma hukutana na chuma.

Hapa ndipo ukubwa wa kitu unapoingia. Tuseme mafuta hutoroka katika ukanda wa ukingoni wenye upana wa milimita 0.2. Kisahani chenye kipenyo cha milimita 20 kitakuwa na sehemu salama yenye kipenyo cha milimita 19.6. Ukipiga hesabu utaona kwamba ukanda ule ni asilimia 4 tu ya eneo lote. Sasa chukua kisahani cha milimita 2. Sehemu salama ina kipenyo cha milimita 1.6, na ukanda ule ule umekuwa asilimia 36! Mafuta ni yale yale, bati ni lile lile, lakini zaidi ya theluthi moja ya uso imebaki kavu.

Hayo si maneno ya hesabu peke yake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Erlangen-Nürnberg nchini Ujerumani, akiwamo Ulf Engel, walijaribu kuunda vipande vya madini vya ukubwa mbalimbali. Walipotumia mafuta, msuguano uliongezeka kadiri kipande kilivyopungua. Walipofanya kazi bila mafuta, tofauti hiyo haikuonekana. Basi ni dhahiri kwamba chanzo chake ni mafuta yanayotoroka.

Tufanyeje, basi? Wengine watasema, tusugue chombo zaidi. Lakini chombo kisicho na bonde hata moja hakina ghala la kuwekea mafuta. Dawa mojawapo iliyopatikana ni kuchoma vishimo vidogo juu ya uso uliokwisha kung'arishwa, kwa mwanga mkali wa leza. Kila kishimo kimezungukwa pande zote, na hutunza mafuta yake mwenyewe.

Msomaji asidhani kwamba kukwaruza chombo kwa tupa kutaleta faida hiyo hiyo. Mkwaruzo ni mfereji, si kisima. Ukifika ukingoni huyatoa mafuta nje. Na ukikingama njia ya bati, kingo zake huweza kulikwangua. Vishimo navyo vikiwa vipana au virefu kupita kiasi, bati laini husukumwa ndani yake na kuchapwa alama. Kilima chenye kimo cha sehemu moja ya elfu ya milimita si kitu juu ya bati la milimita 1. Lakini juu ya bati la milimita 0.05, kilima hicho ni sehemu moja ya hamsini ya unene wote. Wahenga walisema, mdharau mwiba guu huota tende.

Tena, msuguano si adui kila mahali. Kwenye kalibu na bamba la kubania twataka bati liteleze. Lakini kwenye mchi, msuguano husaidia kukishika kikombe ili kisinyooke na kupasuka. Basi fundi mwenye akili huuliza kwanza: uso huu una kazi gani?

Anayependa kujionea nguvu ya msuguano na afanye jaribio hili. Finyanga pete mbili za udongo laini, kila moja iwe na upana wa milimita 60, tundu la milimita 30, na kimo cha milimita 20. Ya kwanza ibane kati ya mabamba mawili laini yaliyopakwa mafuta. Ya pili kati ya vibao viwili vilivyobandikwa msasa mkavu. Zikandamize zote mpaka kimo kiwe milimita 10, kisha pima matundu. Penye msasa tundu litakuwa limepungua sana, kwa sababu udongo umezuiwa kwenda nje na sehemu yake imerudi ndani. Penye mafuta litapanuka, au litapungua kidogo tu. Tangu miaka ya 1960 wataalamu hupima msuguano wa madini kwa pete za namna hiyo.

Somo la Fizikia hutufundisha kupima, na karakana hutufundisha kufanya. Wale wetu watakaokwenda kuwa mafundi wasiridhike kuambiwa kwamba chombo "kinang'aa". Waulize kinang'aa wapi, kwa kazi gani, na kwa kitu cha ukubwa gani.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne