Darasa la Ramadhani, Siku ya 12: Popo wa Pemba na Mkono Unaofika



Ndugu zangu katika imani, tumshukuru Allah aliyetufikisha siku ya 12. Darasa letu la leo linatoka kisiwani Pemba, na mwalimu wetu ni popo. Usicheke, soma kwanza.

Pemba kuna popo mkubwa ambaye hapatikani kwengine kokote duniani. Akikunjua mbawa, zinafika kama mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha, yaani urefu wa mtu mzima. Huyu si yule popo mdogo wa darini anayekula wadudu. Chakula chake ni matunda na maua. Mchana kutwa ananing'inia mtini na wenzake, mamia kwa mamia. Ikifika Magharibi, sisi tunashika tende, wao ndio kwanza wanaruka kwenda kutafuta riziki yao. Mbegu wanazodondosha njiani huota zikawa miti. Kwa hiyo huyu unayemwita mwizi wa maembe ni mpanda miti pia, tena hadai ujira.

Sasa tazama mtihani ulipo. Popo aliyelala mchana ni rahisi kumpata. Hana pango la kujificha, yuko hapo hapo juu, na mwenye bunduki anasimama chini ya mti tu. Basi waliwindwa sana kwa kitoweo, ingawa wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema popo haliwi. Huku misitu nayo ikakatwa kupisha mashamba. Na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo anayeuliwa leo hapatikani wa kumrithi upesi. Miaka ya 1990 walikadiriwa kubaki elfu chache tu, na mwaka 1996 wataalamu wakawaweka katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka.

Nani aliwanusuru? Wataalamu walisaidia, lakini kazi yenyewe ilifanywa na wanakijiji. Waliunda vikundi vya kulinda miti wanayolala popo. Panapojulikana zaidi ni Kidike, kaskazini ya Chake Chake, ambako wageni huenda kuwatazama. Hadi mwisho wa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa yamefika karibu popo 20,000. Bado hawajasalimika kabisa, lakini hali si ile tena.

Hebu tuirudishe kwetu. Katika Surat Al-Maida, aya ya 94, Allah anawaambia waumini kwamba atawajaribu kwa mawindo yanayofikiwa na mikono yao na mikuki yao, ili ajulikane nani anamwogopa hali ya kuwa hamwoni. Aya inazungumzia walio katika ihramu. Zingatia lakini: mtihani haukuwa mawindo ya mbali. Ulikuwa ule mnyama aliye karibu kabisa, ambaye ungeweza kumkamata na asijue mtu.

Na saumu si ndiyo hiyo hiyo? Maji yamo mtungini, mlango umefunga, hakuna anayekuona. Mkono unafika, nawe unauzuia kwa ajili ya Allah. Siku 12 sasa tunaufundisha mkono huu kazi moja: kuacha kinachofikika. Itakuwa ajabu mkono uliozuilika kwenye maji ya halali, alasiri ushike manati umpige ndege asiye na kosa, au panga ukate mkoko kwa sababu tu mwenye kukataza hayupo.

Amepokea Abu Daud kwamba masahaba safarini walichukua makinda mawili ya ndege. Mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, akauliza ni nani aliyemtia uchungu ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe. Tazama, jeshi zima safarini, na uchungu wa ndege mmoja haukupuuzwa.

*Kazi ya leo:* Kabla ya futari, kaa na watoto wako uwasimulie kisa hiki cha makinda. Mwenye manati nyumbani, zungumza naye kwa upole, usimpige. Nawe mzazi jiulize: ni kiumbe gani, mti gani, au mtu gani dhaifu ambaye mkono wangu unamfika na hakuna wa kunizuia? Anzia hapo.

Ewe Mola wetu, tupe taqwa ya sirini kama ya dhahiri, utujaalie tuwe walinzi wema wa amana yako, na uzikubali saumu zetu. Aamin.

Mtumie na jirani yako. Tukutane kesho inshaallah, baada ya Alfajiri.